Bibi yangu anaosha ndege ya jirani

Leo bibi yangu Masika amenifukuza sababu ya bati!

Jirani yetu Kambale anajenga ndege mu parcelle yake, mu kiwanja ya nyumba, hapa Butembo. Ndege ya kweli, mais ingali vipande. Mbele ya kupaka rangi, analainisha kando ya kila bati na lime, ile tupa ya kusugua chuma, kisha banaiosha na sabuni mpaka mafuta yote inatoka.

Na nani anaosha? Masika wangu! Amevaa gants mu mikono, anaimba!

Wivu ikanipanda. Nikaenda, nikapapasa bati yenye ametoka kuosha: "Ah, si ya kufunika choo?"

"Toka, muzee! Umetoka kula mbuzi! Mukono yako ikiacha mafuta, rangi haitashika!"

Kambale akacheka mpaka akakaa chini.

Nikamuuliza bibi: "Na shati yangu ya misa, utaiosha lini?"

"Ile inaruka?"

Sasa niko nafua mwenyewe. Mucheke, mais museme: wivu yangu ni bure?