Aliyeshuhudia Kabla ya Kupona

Uchovu wa Nsimire haukuwa ule wa mtu aliyefanya kazi. Huo aliujua tangu utotoni, mtu akilala, unaondoka. Huu ulilala naye na kuamka kabla yake. Asubuhi alipofungua dirisha la chumba chake katika mtaa wa Ngagara, Bujumbura, aliiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ikielea juu ya ukungu bila kushikwa na kitu, na akahisi kwamba naye yuko vivyo hivyo, hajagusa chini. Kelele za mabasi na za watoto wakinawa uani zilimfikia kama zimepita majini kwanza.

Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chini ya kibaraza katika soko la Jabe, ubavuni mwa meza ya Mawazo, aliyeuza mitumba ya watoto wachanga. Nsimire alipokanyaga, kitenge kilitiririka mbele yake kama mto, naye akateremka nacho mpaka mashamba ya mama yake kule Walungu, Kongo, kwenye migomba iliyolowa. Alipozinduka, mshono ulikuwa umekwisha kuuacha mkono wa blauzi na kwenda zake.

"Unamushonea nani hapo, nyoka?" Mawazo alimuuliza siku moja, akiinua kile kitambaa juu ili wenzao waone.

Wakacheka. Mawazo alikuwa na haki ya kucheka, kwa kuwa naye alichoka vilevile. Wote wawili walikuwa wamevuka mpaka na watoto mgongoni, na hakuna aliyeweza kumficha mwenzake hali yake. Tofauti ilikuwa moja. Mawazo alikwenda kituo cha afya, akachomwa kidole, akaambiwa damu yake imepungua, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Vilimvuruga tumbo na alivilalamikia kila siku, lakini alivimeza. Nsimire hakwenda. Aliogopa kuambiwa.

Badala yake alinunua kopo kwa Fabiola. Huyu alikuwa kiongozi wa kwaya katika kanisa walilosali Nsimire na Mawazo, mwanamke nadhifu mwenye mwendo wa mtu aliyelala vizuri. Alikuwa akipanda mtaa wa Rohero kuchukua makopo ya unga wa kijani, kisha akawauzia kina mama wa kanisa, akisema una vitamini na madini yote ambayo mwili uliochoka unayadai. Fabiola hakuwa tapeli. Aliuamini unga wake, na yeye mwenyewe aliunywa. Nsimire naye akawa anakoroga kijiko kimoja kwenye maji kila asubuhi. Ulikuwa na ladha ya majani mabichi, na kwa muda ule wa kumeza alirudi tena Walungu, mwepesi, miguu kwenye umande. Bilauri ilipokauka, uchovu ulikuwa umemkalia pale pale.

Kopo la pili lilipofika nusu, Fabiola alimjia sokoni, akavuta kigoda, akamwomba ashuhudie kanisani.

"Mi sijapona bado," Nsimire alisema.

"Nani amekuuliza kama umepona? Mutu anayengoja aone ndo aseme, huyo anaamini macho yake. Sema kwanza, Mama Prodige. Mwili utasikia, utafuata."

Fabiola alimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama watu wanaoheshimiana wanavyofanya, na maneno yake hayakuwa mageni. Kanisani kwao watu walizoea kushukuru kabla ya kupokea. Aliyeomba kazi alisimama akashukuru kwa mshahara, na mgumba alimshukuru Mungu kwa kilio cha mtoto. Hayo ni mambo ya mtu na Mungu wake, na mimi siyagusi. Lakini mtu anayesimama na kusema dawa fulani imemponya hasemi na Mungu peke yake. Anasema na kila mgonjwa aliyekaa kwenye benchi.

Jumapili ile jua lilipita katika vioo vya rangi, vumbi likacheza ndani ya mwanga. Nsimire alijiona akitembea kwenda mbele kama anavyomwona mtu mwingine. Alisema kwamba alikuwa mtu wa kulala juu ya cherehani, akanywa unga wa Mama Fabiola, na leo amepona. Vigelegele vikapanda. Kwa saa nzima hakuhisi sakafu chini ya viatu vyake, na alifikiri, basi ndivyo ilivyo, mwili umesikia.

Alikuwa amesema uongo. Aliusema kwa moyo mzuri, na moyo mzuri haukuubadilisha ukawa kitu kingine.

Kuanzia siku ile alinyimwa ruhusa ya kuchoka. Kwaya ikamkabidhi sare zote mpya azishone, kwa kuwa sasa ana nguvu. Akiegemea ukuta, wenzake wanamtania, ati mutu wa ushuhuda anaegemea nini? Naye anajinyoosha na kutabasamu. Alijifunza kusinzia macho wazi, huku mikono ikiendelea kusukuma kitambaa.

Asubuhi moja aliona kopo la unga wa kijani chini ya meza ya Mawazo, limefichwa kati ya sweta za watoto. Alielewa mara moja. Alifungua mdomo, lakini pakatokea mteja akitaka zipu ibadilishwe, na mteja alipoondoka mdomo ulikuwa umekwisha kufunga. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Akajiambia kwamba labda kwa Mawazo ule unga utafanya kazi.

Mawazo alianguka juma lililofuata. Alikuwa amenyanyuka kutundika gauni dogo jeupe, akalala taratibu juu ya nguo zake mwenyewe kama mtu anayepanda kitandani. Nsimire na muuza vifungo walimbeba hadi barabarani, wakapata teksi ya kuwapeleka kituo cha afya.

Muuguzi, bwana mmoja mpole aliyeitwa Népomuscène, alisema damu imeshuka kuliko ile mara ya kwanza. Akauliza kwa nini vidonge viliachwa. Mawazo alimtazama Nsimire, kisha akautazama ukuta. Muuguzi alipotoka, Nsimire alisogea kitandani.

"Mi sikupona, dada," alisema. "Hata siku moja."

"Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema kwa imani."

"Imani ni yako. Damu ni yangu." Mawazo alifumba macho. "We unafikiri mi nilikunywa ule unga? Apana. Nilikunywa mudomo yako."

Jioni ile Nsimire naye alitoa kidole kikachomwa. Hakuogopa tena kuambiwa. Damu yake nayo ilikuwa chini, akapewa vidonge vilevile, na Népomuscène akamwelekeza avimeze kwa maji ya ndimu, na chai ainywe baadaye. Hakuutukana unga wa kijani. Alisema kirutubisho humsaidia mtu anayepungukiwa na kitu kile kilichomo, na kwamba lazima kwanza ajue anapungukiwa na nini.

Fabiola alikuja kumwona Mawazo akiwa na machungwa, akalia machozi ya kweli. Akawasihi mambo yaishie pale kitandani. Mawazo amekwisha kujua, nani mwingine anahitaji kujua? Ushuhuda, alisema, haurudishwi. Kanisa halijawahi kuona jambo hilo. Nsimire alimsikiliza, na machoni mwake likapita benchi moja baada ya jingine, vitambaa vya kichwa vya kila rangi, nyuso za kina mama waliopiga vigelegele. Ni nani kati yao aliyekwenda nyumbani akasukuma vidonge vyake nyuma ya kabati? Hakujua. Hakuwa na njia ya kuwajua mmoja mmoja.

Jumapili wakati wa shuhuda ulipofika, akainuka. Watu walitabasamu, wakidhani analeta habari njema nyingine. Njiani kwenda mbele vioo vya rangi vilianza kuyeyuka, ngoma zikawa mbali, na alipofika alijua kwamba miguu yake haitamshikilia mpaka mwisho wa maneno yake. Hapo kwao hakuna anayeshuhudia akiwa amekaa. Nsimire akaomba kiti.

Shemasi akasita, kisha akaleta kiti cha plastiki. Nsimire akakaa, mikono mapajani.

"Mimi nimechoka," alisema. "Nilikuwa nimechoka ule siku pia. Kama munakunywa ule unga, mukunywe. Lakini mwenye alipewa dawa kule kituo cha afya akaiacha kwa sababu ya maneno yangu, aende nyumbani aimeze leo. Na mwenye hajapimwa, aende kupimwa. Mi nilidanganya."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Fabiola aliinamisha uso mbele ya kwaya yake. Nyuma kabisa mama mmoja aliinuka, akajifunga kitenge vizuri, akatoka kabla ya ibada kwisha, na baada yake akatoka mwingine, wakienda haraka kama watu walioacha chungu motoni.

Fabiola alichelewa kuanzisha wimbo, lakini aliuanzisha. Hakuna aliyemwambia Nsimire arudi benchini, wala hakuna aliyemcheka. Sauti zikamzunguka na kupanda, naye akaacha kichwa kishuke, akalala usingizi pale mbele ya watu wote.