Elinah na Barafu Inayoua Mayai ya Ng'ombe

Saa moja asubuhi, machinjioni mjini Busia. Elinah Nabwire anafungua sanduku lililoletwa na gari la maabara, anachungulia ndani, kisha analipindua. Barafu yote chini.

"Mama Barbara, umefanya nini sasa?" Matayo, dereva, anajishika kichwa. "Mimi nafuata tangazo la maabara tu: kila kitu kwenye barafu."

"Tangazo ni la nyama. Hii si nyama. Hii iko hai!"

Mchinjaji Badiru anacheka huku akimkabidhi vifuko vya mayai vya ng'ombe aliowachinja alfajiri. Zamani aliwatupia mbwa. Elinah anavitia kwenye chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya vuguvugu, anaifunga tumboni kwa leso, na safari ya Tororo inaanza.

Elinah, mwenye miaka arobaini na mitatu, ni mwosha vyombo wa maabara moja ya mifugo huko Tororo, na ndiye hutumwa machinjioni kuchukua vifuko. Humo mayai ya ng'ombe hukomazwa kwa siku nzima, yakarutubishwa, ili mfugaji wa Dabani au Paya apate ndama bora. Kwa miezi sita mayai yamegoma. Katika kila mia, kumi na mawili tu hukomaa.

Ripoti ya maabara ikalaumu ng'ombe wa kienyeji, eti mayai yao dhaifu. Ijumaa hii wanaotoa fedha wanakuja kuamua kama mradi ufungwe.

"Dhaifu!" Elinah anamfokea Matayo njiani. "Februari umeme ulikatika, barafu ikakosekana. Siku ile mayai yalikomaa vizuri. Nikamwambia daktari. Akaniambia nioshe chupa."

Inaudhi. Mtu aliyeona jambo kwa macho yake alinyamazishwa kwa sababu ya sabuni mikononi. Tangazo la kupoza nyama lilibandikwa ukutani, na wasomi wote wakalitii bila kujiuliza kama yai ni nyama.

Kesho yake, Dkt. Oguttu, mkuu wa maabara, anainua kichwa kutoka kwenye hadubini. Anahesabu tena. Katika mayai mia, sitini na saba yamekomaa.

"Sawa," anasema taratibu. "Nitaandika kwamba tumeboresha usafirishaji."

"Tumeboresha na nani, Daktari?"

Oguttu anakohoa, anageukia karatasi zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa mkuu ndiye aliyeziba masikio, na nusura wafugaji ndio wavunjike guu.

Elinah analibandua tangazo lile, analikunja na kulitia mfukoni mwa aproni. Nyumbani kwake Masaba ana ng'ombe mmoja mweusi, ambaye Elinah anataka awe wa kwanza kubeba mimba kutoka maabara hii.

"Mradi hawafungi," anasema. "Ijumaa nasimama mlangoni na chupa yangu ya chai. Wageni wakiuliza nani aliboresha, daktari ajibu mbele yangu. Na wakiuliza barafu iko wapi, waende machinjioni. Mbwa wa Badiru waliilamba yote."