Nilimpa Mama Mdogo Kadi ya Mama

Mama yangu amekosa dawa kwa sababu yangu. Majirani hapa Mogitu wakija kumjulia hali wanailaani bima, na mimi nawaitikia, "Kweli jamani, wale watu hawana huruma." Mnafiki mkubwa mimi! Leo nasema, maana nikiendelea kunyamaza nitapasuka. Jina langu mniachie.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipoajiriwa nilijaza fomu ya bima. Nikaandika mume, nikaandika watoto, halafu nikafika kwenye nafasi ya mama mzazi. Hapo ndipo nilipoharibu.

Mama wakati huo alikuwa na nguvu kama maksai. Analima, anakamua, anabeba kuni, hata panadol haijui. Lakini mdogo wake anayeishi Haydom alikuwa anateswa na kisukari. Na huyo mama mdogo ndiye aliyenilea miaka yote minne ya sekondari, nikilala kwake na kula kwake. Kwetu mama mdogo ni mama. Namwita mama mbele ya watu na hakuna anayeuliza.

Basi nikaandika jina la mama, nikabandika picha ya mama mdogo. Mume wangu akaniuliza, "Hiyo si hatari?"

"Hatari gani? Kwani huyu si mama yangu?"

Nilijiona nina akili kuliko waliotunga ile fomu! Na kweli, miaka minne mama mdogo alichukua dawa zake za kisukari kwa jina la dada yake, hakuna aliyeshtuka.

Mwaka jana mama akaanza kukonda. Homa haziishi, tumbo limevimba upande mmoja. Nikaenda kuichukua kadi kwa mama mdogo, tukapanda basi hadi hospitali kubwa. Wale ndugu wawili wanafanana mno. Binti wa dirisha la bima akatazama picha, akamtazama mama, akasema, "Shikamoo mama, pita."

Vipimo vikaonyesha saratani ya damu. Daktari akatutuliza. Alisema kuna vidonge, na mgonjwa akivimeza kila siku anaweza kuishi miaka mingi tu. Ila ni vya bei kubwa, lazima bima itoe kibali kwanza.

Kibali kikakataliwa.

Barua ilisema taarifa za mgonjwa zinapingana. Kwenye kumbukumbu zao mwenye kadi ana kisukari cha miaka mingi, daktari wa sasa anaandika hana kisukari kabisa. Kama hatukuridhika, tukate rufaa ndani ya siku thelathini, na mgonjwa afike mwenyewe na kitambulisho chake.

Daktari alikasirika kuliko mimi. "Mwalimu, haya ni makosa ya makaratasi tu. Saini hapa, mimi naandika maelezo leo leo."

Akaninyooshea kalamu. Jamani, kalamu ilikuwa hapa, mbele ya pua yangu! Nikamwambia nitaisoma fomu kwanza nyumbani.

Niliogopa. Mama akifika kule na kitambulisho chake, wataona picha si yake, wataniuliza nani alikuwa anakula zile dawa za kisukari. Niliona kazi imekwenda. Niliona pingu mikononi mwangu na mwa mama mdogo. Fomu nikaichomeka katikati ya maandalio yangu ya masomo, nikaendelea kufundisha.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, wamesemaje?"

"Tumekata rufaa mama. Tunasubiri majibu."

Ole wangu! Mama akalipeleka jambo hilo kanisani. Jumapili akasimama na fimbo yake, akaomba waumini wawaombee wale watu wanaosoma rufaa yake, Mungu awape moyo mlaini. Kanisa zima likafumba macho, likaomba kwa sauti. Mimi nilikuwa benchi la tatu, najua hakuna anayesoma chochote. Na bado nikasema amina!

Siku thelathini zikaisha. Mama akawa hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa. Nikimwogesha nilikuwa nahesabu mbavu zake, na yeye ananibariki.

Wiki ya sita nikashindwa. Nikaenda mkoani, ofisi ya bima, nikamkuta afisa wa umri wa baba yangu. Nikamwamkia shikamoo, nikamwaga kila kitu huku nalia. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Huyu mgonjwa ndiye mama yako mzazi kabisa?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ile nafasi ilikuwa yake tangu siku ya kwanza. Ungekuja mapema wewe ungeadhibiwa, hilo halikwepeki. Lakini yeye tungemsajili, dawa angepata. Sasa ulikuwa unaficha nini?"

Nikaomba fomu mpya, nikaijaza pale pale.

Sasa mama amesajiliwa kwa sura yake mwenyewe. Mimi nina barua ya kutakiwa kujieleza mezani, sijui kama mwezi ujao nitaitwa mwalimu. Hilo nimelikubali. Lakini daktari alipompima tena alisema ugonjwa umepiga hatua, vile vidonge peke yake havitoshi tena.

Juzi nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza mama ukweli wote. Nilitaka anitukane. Nilitaka hata anitemee mate! Akahema, akaniuliza, "Na mdogo wangu je? Sasa dawa zake atapata wapi?"

Ndugu zangu mnaojaza fomu, nafasi ya mama mwandikeni mama, hata kama leo ni mzima na anawashinda kulima. Mama mdogo mtafutieni njia nyingine ya halali, ipo. Na kama umeshakosea kama mimi, nenda ukaseme sasa hivi, ufukuzwe, ufungwe, lakini mgonjwa wako ameze dawa ikiwa bado inamfaa. Mimi nilichelewa wiki sita tu.