Majibu Yanapopishana Njiani

Saa tatu asubuhi, katika ofisi iliyo juu ya duka la rangi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi anafuta mstari mmoja wa programu ambayo kazi yake ni kuilinda. Anaufuta kwa makusudi. Mstari huo ndio unaoonyesha kundi la damu la mgonjwa kwenye ukurasa wa wauguzi. Kisha anaegemea kiti, anakunja mikono, anangoja kompyuta ilalamike.

Hailalamiki. Alama zote kwenye skrini ni za kijani.

"Mungu wangu," anasema kwa sauti ya chini. "Inanidanganya."

Wenzake humwita Mama Ngoja. Anaandika majaribio: programu ndogo zinazojifanya mtu, zikabonyeza vitufe, zikajaza visanduku, zikatazama kilichotokea, bila mkono wa binadamu. Mamia ya majaribio hayo humalizika kabla chai haijapoa. Jaribio likiridhika huwaka kijani. Likigundua kasoro, jekundu. Lakini yeye haamini kijani cha bure, ndiyo maana huharibu kwanza.

"Mlinzi ambaye hajawahi kupiga kelele," anauliza, "utajuaje kama yuko macho?"

Leo mlinzi amelala, na aliyemlaza ni yeye mwenyewe. Taarifa za mgonjwa hutoka kwenye kompyuta ya mbali, nazo huchukua muda kufika. Jaribio aliloandika wiki iliyopita halikuambiwa lisubiri. Liliuliza swali, likageuka, likaenda zake likisema mambo shwari, jibu likiwa bado njiani. Ni neno moja tu la kusubiri lililosahaulika.

Ukurasa huo unafunguliwa kesho hospitalini. Wodi ya kwanza kuutumia ni ya upasuaji, anakofanya kazi dada yake mkubwa, muuguzi.

Mama Ngoja hakuifikia kazi hii kwa njia iliyonyooka. Kwa miaka sita alipokea malalamiko ya wateja wa kampuni ya simu, jioni akisomea programu huku dada yake akimlelea mtoto. Kwenye malalamiko hayo ndiko alikojifunza tabia za watu.

"Mtu akibonyeza kitu kisijibu, haketi akasali," anasema. "Anabonyeza tena, au anahamia kingine. Dada yangu ndiye namba moja! Hana subira hata ya sufuria kuchemka."

Anaongeza neno lililosahaulika. Alama nyekundu inawaka hapo hapo. Anaurudisha mstari alioufuta, kijani. Wengi wangeishia hapo. Yeye anamfikiria dada yake wodini: anaitisha taarifa za mgonjwa wa kwanza, mtandao unajikokota, anaitwa kitanda kingine, anaandika namba ya mgonjwa wa pili.

Basi anaandika jaribio jipya. Hapa kazi hii inakaribia muujiza, ingawa mwenyewe halipendi neno hilo. Ndani ya jaribio, yeye ndiye mwenye saa. Anaweza kuipitisha nusu dakika kufumba na kufumbua. Anaweza kulizuia jibu la mgonjwa wa kwanza mlangoni, akalipisha la wa pili, ndipo akaliachia.

Analiachia.

Jina lililo kwenye skrini ni la mgonjwa wa pili. Kundi la damu ni la wa kwanza.

Wenzake wamekuja kuchungulia begani mwake. Mmoja anashika kichwa.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Mama Ngoja," anasema mkuu wa ofisi, akijaribu kucheka. "Hospitali inatutarajia kesho. Kitu hicho kitatokea labda mara moja kwa mwaka."

"Sawa, bosi. Basi tuchagulie mgonjwa wa mwaka huu."

Bosi anavuta kiti. "Hebu rudia nione."

Anarudia. Damu ya mtu mmoja inakaa chini ya jina la mwingine.

"Tena."

Ni vilevile.

"Kumbe kasoro hii unaiita inakuja?"

"Inakuja kila nikiita. Kule wodini ni bahati nasibu. Hapa saa ninayo mimi, haina pa kujificha."

Bosi anaitazama skrini kama mtu aliyeonyeshwa ajali kabla haijatokea. Halafu anachukua simu na kutoka nje kuzungumza na hospitali. Ufunguzi unasogezwa hadi Jumatatu.

Mwenzake aliyeutengeneza ukurasa anaurekebisha: sasa kila jibu linafika na namba ya swali lake, na lililopitwa na wakati linatupwa. Kijani. Mama Ngoja anayaharibu marekebisho hayo, nyekundu. Anayarudisha, kijani.

"Hiki sasa nakiamini," anasema, na kuvua miwani.

Jumatatu mchana dada yake anapiga simu.

"We mdogo wangu, huo ukurasa wenu!"

"Ukurasa umefanya nini?" Mama Ngoja anasimama wima.

"Haujafanya kitu. Naandika namba, mgonjwa anatokea. Sasa miezi yote hiyo nyie mlikuwa mnafanya nini huko?"

Mama Ngoja anacheka mpaka anakaa chini. Mipango yake ni kuufikisha ukurasa huo kwenye wodi zote za hospitali. Kuhusu dada yake, ambaye amebakiza miaka michache kazini, ana tumaini dogo zaidi.

"Naomba astaafu bila kulijua jibu la swali lake."