Jua la Kuanika Vidonda

"Dada, kwa nini jua linanila mimi peke yangu?"

Mdogo wangu aliniuliza hivyo asubuhi moja, amekaa kwenye mkeka niliomtandikia mimi mbele ya nyumba. Alikuwa na miaka tisa. Nilimwambia jua halimli mtu, anyanyue uso vidonda vikauke.

Nilikuwa nimerudi likizo, mwaka wangu wa kwanza wa biolojia chuo kikuu, nikakuta nyumbani wamehama. Zamani tuliishi shambani, ndani kabisa nyuma ya Kilangala, chini ya mikorosho iliyofungamana hata mwanga ukatufikia vipande vipande. Kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa kando ya barabara, na miti yote ilifyekwa ili nyumba zikae kwenye mstari. Mimi niliyehoji kila kitu, hilo sikulihoji. Shule, zahanati, maji ya bomba: nilikuwa nimevitetea bwenini mpaka koo likakauka.

Mdogo wangu nilimkuta gizani. Tangu mdogo alikuwa na madoa usoni na mikononi, na macho yake hayakuvumilia mchana. Baada ya kuhama, madoa yakageuka vidonda. Mama akamweka ndani kama mwali, dirisha akaliziba kwa jamvi. Ila mwali ana siku yake ya kutolewa. Huyu hakuwa nayo.

Jirani alipita na ndoo kichwani. "Shoga, mwali wako hatoki tu? Au umempatia mchumba popo?"

Mama alicheka kidogo, kisha akaingia ndani. Nikamfuata.

"Mama, unamuua mtoto. Giza linafuga vijidudu. Jua ndilo linaloviua."

"Ana jini la mchana huyu. Likimwona linamla."

"Wewe umeliona?"

"Na wewe hivyo vijidudu umeviona?"

"Nimeviona. Kwa hadubini."

Mama akalivuta lile jamvi kwa mkono wake mwenyewe. "Haya, msomi. Mtoe."

Majuma sita nilimwanika. Alikaa amefumba macho, machozi yakimchirizika, akiuliza, "Bado?" Nami nikijibu, "Bado." Mara kwa mara mama alitoka jikoni akamtupia kanga kichwani. Mara zote niliiondoa, nikaikunja, nikamrudishia mama.

Vidonda havikukauka. Cha mdomoni kiliota nyama. Siku aliposhindwa kunywa uji nilimbeba mgongoni hadi barabarani, tukapata lori la korosho liendalo Lindi. Njia nzima nilimfunika kwa kanga ileile. Sijui kwa nini nilimfunika, kama kweli bado niliamini nilichokuwa nikikisema.

Daktari alimshika kidevu, akatazama muda mrefu.

"Saratani."

"Mtoto huyu?"

"Mtoto huyu."

"Imetoka wapi?"

Alikwenda kunawa mikono. "Binti, wewe ndiye uliye chuo kikuu. Ukijua, rudi unifundishe."

Hakunikejeli. Alikuwa amechoka. Tulimzika mdogo wangu kabla masika hayajaisha. Mama hakunilaumu hata siku moja, na mimi niliomba anilaumu. Alilirudisha tu jamvi dirishani, kwenye chumba kisicho na mtu.

Miaka yangu yote ya kazi imekwisha maabara, nikichunguza jinsi mwili unavyokarabati DNA. Jua linatuvunja sote. Kila tunapotembea mchana linaharibu vinasaba ndani ya ngozi, na seli zina mafundi wake wanaokata palipoharibika na kuziba upya. Mdogo wangu alizaliwa bila mafundi hao. Kasoro ilimjia kutoka kwa baba na kwa mama, na wao wenyewe hawakuugua.

Wenzangu niliowahi kuwasimulia hunifariji: majuma sita si kitu mbele ya miaka tisa, uvimbe ule ulianza zamani. Pengine. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi na haijapata kunipa usingizi.

Kwenye meza yangu huweka sahani mbili za seli, zote za wagonjwa wa aina yake. Moja naiweka chini ya taa yenye miale kama ya jua, na seli zake zinakufa. Nyingine naifunika, isipate hata chembe ya mwanga ule. Hizo zinaishi na kuongezeka sawasawa na zangu.