Nguzo za Alute

Nilitoka mtoni na ndoo kichwani, nikaikuta nyumba yangu haina paa. Tembe ambalo mume wangu Alute alilijenga kwa mikono yake lilibaki kuta tupu. Udongo wa paa ulikuwa umelala ndani, juu ya kitanda, juu ya vyungu, juu ya mtama wangu. Na juu ya ukuta alikuwa amekaa Zefania, mdogo wake Alute, mzee wa kanisa letu, anang'oa boriti ya mwisho kwa shoka. Nilisimama na ndoo ile mpaka shingo ikauma. Sikujua niitue wapi.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Operesheni, mama Felista. Kila mtu anahamia kijijini. Miti isiachwe porini ikaliwa na mchwa."

"Miti hii ni yangu."

Akacheka, kama anayemcheka mtoto. "Tangu lini mwanamke akawa na miti? Miti ni ya ukoo. Mila unaijua."

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, watu wa upande wetu wa Ilongero walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Alute alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa homa ya tumbo. Kwa mila yetu mjane hurithiwa na mdogo wa marehemu, na anayemrithi ndiye anayemjengea, anayemlimia na kumlishia watoto. Siku ya kumaliza matanga wazee walimuuliza Zefania. Alisimama na Biblia kwapani, akasema yeye ni Mkristo wa mke mmoja, hawezi kurithi. Nilimshukuru Mungu, maana hata mimi sikutaka. Nikasema moyoni, shemeji yangu ni mtu wa Mungu kweli. Kumbe alikuwa anachagua. Penye mzigo alishika kanisa, penye miti akashika mila.

Kijijini viwanja walipewa wenye nyumba, na mwenye nyumba ni mwanamume. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Mughwai, hakunificha. "Binti yangu, mlete mwanamume yeyote aseme wewe ni wake, leo hii nakupimia kiwanja."

"Wangu yuko kaburini, baba."

Akakuna ndevu, akanionyesha kona nyuma ya kiwanja cha Zefania. "Jishikize hapo kwa sasa."

Hapo mimi na binti yangu Felista tukasimika kibanda cha mabua ya uwele. Nikiwa mlangoni niliiona nyumba mpya ya shemeji ikipanda, na kila nguzo niliifahamu. Nyingine Alute aliikata nikiwa na mimba ya Felista, akaibeba begani kutoka mbali, akafika hawezi kusema.

Kila Jumapili mwinjilisti Melkizedeki alinifuata baada ya ibada. "Mtumaini Bwana, mama. Ayubu alipoteza vyote."

"Ayubu aliibiwa na Waseba," nikamjibu. "Hakuibiwa na mzee wa kanisa."

Sikwenda shule, lakini ninayoyasikia kanisani nayashika. Siku zile nilimwomba Mungu jambo moja tu, nipate paa kabla ya mvua. Zefania sikumwombea baya lolote. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ya yaliyofuata.

Aliyetulisha alikuwa Yunisi, mke wa Zefania. Alizunguka nyuma na kibuyu cha uji amekificha ndani ya kaniki.

"Kunywa upesi, mama Felista. Yuko kwenye maombi."

"Atamaliza saa ngapi?"

"Huyu? Huanza na Adamu. Ugali wake ukipoa ndiyo anafika kwa Nuhu!"

Tulicheka tukiwa tumeziba midomo kwa mikono. Katika ukoo ule wote, kwake tu nilicheka.

Mvua iliwahi mwaka ule. Zefania alikuwa amejenga mbiombio kwa kuwaogopa mgambo wa operesheni. Nguzo hakuzichimbia chini vya kutosha, na udongo wa paa ulikuwa haujashikana. Ilinyesha tangu alfajiri. Kibanda changu kililala chini kama kuku aliyelowa, tukajifunika ngozi, mimi na Felista. Asubuhi ile ile tukasikia mshindo, nikadhani radi. Nilipotoa kichwa, nyumba ya Zefania haikuwepo.

Zefania alikuwa zizini, watoto wake walikuwa shuleni. Yunisi alikuwa ndani, amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Tulimfukua kwa majembe, kisha kwa mikono. Boriti iliyomlalia kifuani ilikuwa yangu.

Mazishini Raheli, kiongozi wa wanawake wa kanisa, alinishika mkono akaninong'oneza. "Umeona? Mungu amekulipizia."

Sikuamini masikio yangu. "Amenilipizia kwa nani? Kwa aliyeninywesha uji?"

"Usimhoji Mungu, dada."

"Simhoji Mungu. Nakuhoji wewe."

Nilishtuka kuliko siku ile ya paa. Miaka yote nimeimba na wanawake hawa, kumbe wao wanamwimbia mungu anayerusha shoka akampata yeyote aliye karibu. Huyo mimi simjui.

Matanga hayajaisha, wakaja kibandani mzee Mughwai na Melkizedeki, wameongozana. Niliwaamkia, wakakaa kwenye gogo.

"Mama Felista," mzee akaanza, "Zefania sasa hana mke. Wewe ni mjane wa kaka yake. Mila inataka akurithi."

"Na kanisa halina neno tena," mwinjilisti akadakia, "maana atakuwa na mke mmoja. Mungu amefungua njia, mama. Tutajenga upya, na miti yako utaipata."

Nilitaka paa. Felista alikuwa anakohoa nyuma yangu tangu mvua ile, na kila kikohozi kiliniambia kubali.

"Baba Mughwai, shikamoo yangu umeshaipokea, pokea na jibu. Mungu niliyemwomba paa hanipi kwa kumfukia Yunisi. Sikubali."

"Utalala wapi?"

"Hapa."

"Unamjaribu Mungu!" Melkizedeki akasema.

"Ninamngoja. Ninyi ndio mmechoka kumngoja."

Waliondoka bila kuaga. Masika ile tuliimaliza humo humo, chini ya mabua na ngozi, na Felista alipona polepole. Kiangazi niliingia porini na shoka, nikakata miti yangu mwenyewe, michache na myembamba, nikasimika tembe dogo la kuinamia. Kiwanja sijapewa mpaka leo. Kwa nini Yunisi afe sijui, na anayesema anajua simsikilizi.

Zefania ameoa mwanamke kutoka Mitundu. Jumapili husimama mbele kusoma somo, nami hukaa benchi la nyuma. Neno likisomwa, naitikia amina kwa sauti. Simwitikii yeye.