Baneti ya Baba

Nilisafiri kwa sababu nilikuwa nimechemsha kofia ya baba yangu.

Nyumbani kofia ile tunaiita baneti. Babu alipewa na msimamizi wa shamba la mkonge kule Kilosa, Mskoti, aliyeiita hivyo kwa neno la zamani la kwao, na babu akachukua kofia pamoja na jina lake. Ni ya sufu nzito, bapa, rangi ya majivu. Baba ameivaa kwenye ndoa ya kila mtoto wake, yangu ikiwemo. Sasa Ijumaa mdogo wangu Saidi alikuwa anaoa kijijini Kisanga, na baba alikuwa amenitumia baneti niisafishe, maana hapa Morogoro kazi yangu ndiyo hiyo: nafua kofia za wanaume, natia wanga, nazivisha kwenye bakuli zikauke na umbo lake. Za pamba huwa nazichemsha. Jumanne mkono ukafuata mazoea, baneti ikaingia sufuriani pamoja na nyingine. Ilipotoka ilikuwa inamtosha mtoto wa miaka miwili.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Msamvu. Nilipanda basi la Mikumi kwa kuwa nilisikia yuko mama huko anayefuma masweta ya shule, na niliona asipoijua sufu yeye, nani ataijua? Ndani ya hifadhi dereva alipunguza mwendo na abiria wakainuka kutazama tembo. Mimi nilitazama mfuko uliokuwa mapajani. Niliomba basi lisifike, kisha nikaomba lifike upesi.

Saa tatu, Mikumi. Mama Konsolata alikuwa ameketi nyuma ya mashine yake ya kufuma. Aliivuta baneti huku na huku, akainusa, akaujua wanga, akauliza ni nani aliyefanya hivi. Nilitaka kusema ni mteja. Nikasema ni mimi. Akaifukiza kwa mvuke wa birika na kuivisha kwenye sufuria ndogo, tukakaa zaidi ya saa nzima tukiivuta kidogo kidogo. Iliongezeka upana wa kidole kimoja.

"Sufu ikishapikwa hairudi, mwanangu," alisema. "Mwambie mzee."

Nilimshukuru, nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwenye mitumba. Baba ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga na kivuli tu. Katika rundo la tatu nilipata kofia bapa ya sufu, ya kijivu, saizi ya mtu mzima. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo.

Saa saba mchana, njia ya Kisanga. Bodaboda ilisimama kupisha ng'ombe. Mfugaji aliyekuwa nao, mtu wa makamo mwenye shuka begani, alinisalimu akaniuliza kama naenda kwenye harusi kwa mzee. Nikamwambia mimi ni binti yake. Akafurahi, akasema kesho watakuja wote, wamwone mzee na ile kofia yake.

Saa nane na nusu, nyumbani. Baba alikuwa barazani. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akaulizia wajukuu mmoja mmoja, kisha akanyoosha mkono. Nikampa ile ya mtumba. Aliivaa, ikamkaa vizuri, nami nikavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Halafu akaivua, akaingiza kidole gumba ndani, akakizungusha ukingoni. Akarudia tena, polepole.

"Mama yako alishona hapa," alisema.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mwaka mmoja kabla hajafariki, mama alishona bitana ya baneti iliyokuwa imechanika. Baba hana mazoea ya kumtaja, na kumbe kila alipoivaa alikuwa anaigusa mishono yake. Nikatoa ile ndogo mfukoni, nikamwekea kiganjani. Kidole kikaipata mishono mara moja, imejikunja kwa moto lakini ipo.

"Hii ungenipa kwanza," alisema. "Nilidhani umeitupa."

Nikalia pale pale barazani, mtu mzima mimi.

Ijumaa, baada ya swala. Baba alivaa kofia nyeupe ya pamba, ya kila siku, na mkono mmoja aliuficha katika mfuko wa kanzu muda wote wa ndoa. Yule mfugaji alikuja na wenzake, akamsalimu, akauliza mbele za watu mbona leo hakuvaa ile kofia. Niliinamisha uso nikingoja kuumbuliwa.

"Ninayo," baba alijibu. "Binti yangu ameileta."

Jumamosi nilirudi kwa njia ya Kilosa, ile ya mtumba ikiwa ndani ya mfuko wangu. Basi lilikwenda vizuri na sikumbuki chochote nilichokiona dirishani. Siku hizi mteja akileta kofia, hata iwe ya pamba tupu, naigeuza ndani na kupitisha kidole kwenye mishono yote. Maji yanangoja. Kwanza namuuliza mwenyewe: humu ndani alishona nani?